MARIA THERESA: MALKIA ALIYELIPIA VITA AKIWA KABURINI

 Nimepewa kurasa hizi niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Najua wengi wenu mlitarajia nimwandike Mekatilili wa Menza au Menelik wa Ethiopia, maana hao tunawasikia kila siku darasani. Mimi nimemchagua mwanamke wa Ulaya ambaye hakuwahi kukanyaga bara letu hata siku moja. Lakini uso wake ulifika Zanzibar, ukafika Uhabeshi, ukabebwa na ngamia na nyumbu mpaka vitani. Huyo ni Maria Theresa wa Austria, mwenye riale.

Kabla sijaanza, hebu tulitazame neno moja la lugha yetu. Kwa Kiswahili tunasema fedha tukimaanisha yale madini meupe ya thamani, na tunasema fedha tukimaanisha pesa. Wazee walioliweka neno hilo hawakukosea. Zamani pesa ilikuwa ni madini yenyewe, nayo chapa ya mfalme ilikuwa ushahidi tu kwamba uzani ni kamili. Sasa jiulize, ndugu msomaji: mfalme mwenyewe akiwa ndiye anayedanganya, nani atamshtaki? Maisha ya Maria Theresa yatatusaidia kulijibu swali hilo, kwa sababu alipigwa vita na mfalme aliyeghushi sarafu ili apate pesa za jeshi. Naye alipokufa, mataifa makubwa yaliichapa sarafu yake kwa ajili ya vita vyao wenyewe.

Maria Theresa alizaliwa Vienna tarehe 13 Mei 1717. Baba yake, Charles VI, alikuwa mkuu wa ukoo wa Habsburg uliotawala Austria, Hungaria, Bohemia na nchi nyingine nyingi. Mzee huyo alikuwa na tatizo moja kubwa: hakuwa na mtoto wa kiume aliyeishi. Mwaka 1713, hata kabla binti huyu hajazaliwa, alikuwa ametoa sheria kwamba nchi zake zisigawanywe, na kwamba binti angeweza kurithi kama hakuna mwana. Akatumia miaka mingi kuwazungukia wafalme wa Ulaya akiwaomba waikubali sheria hiyo. Wengi walitia sahihi. Lakini karatasi ni karatasi tu, kama tutakavyoona.

Jambo la kushangaza ni kwamba baba huyo alihangaika kumpatia binti yake urithi, lakini hakumfundisha kutawala. Msichana alifunzwa dini, lugha, muziki na adabu za kasri. Mambo ya jeshi na hazina aliachiwa ayaone kwa mbali. Mwaka 1736 aliolewa na Francis Stephen wa Lorraine, mwanamume aliyempenda kwa dhati, nao wakajaliwa watoto 16, wasichana 11 na wavulana watano. Ndiyo, kumi na sita! Mmoja wao ni yule Marie Antoinette aliyeolewa Ufaransa na kuuawa kwa kukatwa kichwa mwaka 1793 wakati wa mapinduzi.

Oktoba 1740 baba akafariki ghafla. Binti alikuwa na umri wa miaka 23 na mimba tumboni. Alikuta hazina tupu, jeshi dhaifu, na washauri wazee waliomwona kama mtoto tu. Haikupita hata miezi miwili. Tarehe 16 Desemba 1740 Frederick II, mfalme kijana wa Prussia, aliingiza jeshi lake Silesia, jimbo lililokuwa na watu wengi, viwanda vya nguo na madini. Mataifa mengine yalipoona hivyo yakajitosa nayo, kila mmoja akitaka mnofu wake. Zile sahihi walizompa marehemu baba yake zikawa hazina maana tena. Waswahili husema mwenye nguvu mpishe, lakini mama huyu alikataa kupisha.

Mwaka 1741 alivikwa taji la Hungaria katika mji wa Pressburg, ambao leo unaitwa Bratislava. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo aliwaita wakuu wa nchi hiyo akawaomba askari. Hungaria na Vienna hazikuwa zikipatana sana, lakini wakuu wale waliguswa na ujasiri wa mama mwenye mtoto mchanga anayeandamwa na maadui kila upande. Wakakubali kumsaidia. Vita viliendelea mpaka mwaka 1748. Mwishowe aliokoa karibu nchi zote alizoachiwa na baba yake, na mumewe alikuwa amechaguliwa kuwa Kaisari tangu 1745. Lakini Silesia ilibaki mikononi mwa Frederick. Hilo lilimkera mpaka kufa kwake.

Hapa ndipo ninapoanza kumheshimu kweli. Badala ya kukaa akilia, alikaa akahesabu. Aliona kwamba alishindwa si kwa sababu askari wake walikuwa waoga, bali kwa sababu hazina yake ilikuwa tupu. Basi pamoja na waziri wake Haugwitz akapanga kodi upya. Makabaila na makasisi, ambao kwa miaka mingi walijiona kuwa kodi si yao, wakaambiwa walipe. Lengo lilikuwa kuweka jeshi la kudumu la askari 108,000. Makabaila walinung'unika wee, lakini walilipa.

Jambo jingine alilolitengeneza ni sarafu. Mwaka 1753 Austria ilifanya mapatano na Bavaria juu ya uzani wa sarafu. Uzani wa kupimia uliitwa marki ya Cologne, yapata gramu 234 za fedha safi. Wakakubaliana kwamba kutoka marki moja zitoke sarafu kubwa 10, si 11, si 12. Sarafu hiyo ndiyo thaler, ambayo huku pwani yetu iliitwa riale. Ilikuwa na uzani wa gramu 28 hivi pamoja na shaba kidogo ya kuipa ugumu. Ubavuni iliandikwa kwa Kilatini maneno yenye maana ya haki na huruma, yaliyokuwa wito wa malkia. Maandishi hayo ya ubavuni yalikuwa na kazi nyingine pia: mtu mwenye tamaa asingeweza kukwangua fedha ya pembeni bila kuonekana. Tafadhali, msomaji, likumbuke hesabu hilo: marki moja, riale kumi.

Mwaka 1756 vita vilirudi, navyo vikadumu miaka saba. Safari hii Frederick hakungoja. Mwishoni mwa Agosti aliivamia Saxony, nchi jirani iliyokuwa upande wa Maria Theresa. Mtawala wa Saxony, August III, alikuwa pia mfalme wa Poland, na sarafu za Poland zilikuwa zikichapwa katika kiwanda cha Leipzig huko Saxony. Jeshi la Prussia likaiteka Leipzig, kiwanda na kalibu zake zote. Hebu fikiri: adui ameshika muhuri wa jirani yake!

Frederick hakukivunja kiwanda kile. Alikikodisha kwa wafanyabiashara, mkubwa wao akiwa Veitel Heine Ephraim wa Berlin, wachape sarafu zenye sura ya August III na miaka ya nyuma ya kabla ya vita, ili mtu akiiona adhani ni ile ya zamani aliyoizoea. Kwa nje ilikuwa sarafu ya Poland au Saxony. Kwa ndani ilikuwa shaba iliyopakwa heshima. Kwa kipimo cha Prussia chenyewe, marki moja ya fedha safi ilipaswa kutoa thaler 14. Vita vilipoendelea zikatolewa karibu 20, halafu 30, na mwishoni 40 na zaidi. Faida yote ya katikati ilikwenda kwa mfalme, akanunua baruti, farasi, viatu na mkate wa askari. Hata msaada wa pauni 670,000 kwa mwaka aliokuwa akipewa na Uingereza kuanzia 1758 aliuyeyusha akauchapa upya kwa njia hiyohiyo ili uongezeke.

Na sarafu hizo hazikukaa Prussia. Huo ndio ujanja wenyewe. Zilipelekwa Poland na nchi jirani kununua nafaka na ng'ombe. Mkulima wa Poland aliuza gunia la ngano akapokea sarafu kumi akidhani ni kumi, kumbe ana thamani ya tatu au nne. Alipokwenda kununua chumvi, mwenye duka alishajua, akaikataa. Mkulima hakuwahi kupigana na Frederick, lakini alikuwa amemlipia risasi.

Nisamehe, msomaji, nitoke Ulaya kidogo nije nyumbani, ili jambo hili lisibaki la vitabuni. Sisi wa Kegonga tuko karibu na mpaka. Wafanyabiashara wetu hutembea na shilingi mbili mfukoni, ya Kenya na ya Tanzania, na kila siku ya soko watu huuziana mahindi, ndizi, maharagwe na ng'ombe. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye sisi vijana tunamwita baba kwa heshima, aliuza fahali ili apate karo ya wajukuu. Alihesabiwa noti zake palepale, wakashikana mikono, mnunuzi akaenda zake. Alipofika dukani kununua sukari, noti ya kwanza ikakataliwa. Wakazipekua zote. Tatu za elfu moja zilikuwa bandia. Mnunuzi alikuwa ameshatoweka na fahali.

Nilimwona mzee akirudi jioni ile. Hakupiga kelele. Alikuwa anaona haya, ati kama mwizi ni yeye. Aliogopa hata kwenda kupiga ripoti, akihofia kuulizwa noti hizo amezitoa wapi. Elfu tatu kwetu si mchezo, ni chakula cha nyumba kwa siku nyingi. Hapo ndipo nilipoelewa tabia ya pesa bandia: haimuumizi anayeitengeneza wala mtu wa kwanza kuitumia. Hupita mkono kwa mkono, kimyakimya, mpaka ifike kwa yule ambaye hana mwingine wa kumpa. Yule ndiye hulipa. Sasa, kama mhuni mmoja anaweza kumliza mzee namna hiyo, itakuwaje mhuni huyo akiwa ni mfalme mwenye kiwanda, walinzi na mizinga?

Turudi kwa Frederick. Vita vilikwisha Februari 1763 kwa mkataba wa Hubertusburg. Frederick alibaki na Silesia yake, na vitabu vingi vinamwita Mkuu. Lakini mwaka huohuo mabenki na wafanyabiashara wakubwa walianguka huko Amsterdam, Hamburg na Berlin, na sarafu mbovu zilichangia katika anguko hilo. Frederick mwenyewe, vita vilipokwisha, aliamua kurudi kwenye sarafu nzuri na kuyakataa makombo ya kiwanda chake. Waliokuwa wamezikusanya kwa jasho lao wakabaki nazo. Na lawama je? Watu waliziita sarafu zile kwa jina la Ephraim. Ephraim alipata faida yake, sikatai. Lakini amri ilikuwa ya mfalme, na kwa kuwa Ephraim alikuwa Myahudi, watu waliokuwa wakiwachukia Wayahudi tangu zamani waliona rahisi kumtukana yeye kuliko kumgusa mfalme. Ndivyo ilivyo. Mwenye nguvu huchukua faida, na jina baya humwachia aliyemtuma.

Na Maria Theresa alifanya nini alipoishiwa? Naye alikuwa na vita vya kulipia, usidhani alikuwa malaika wa hesabu. Mwaka 1762 benki ya mji wa Vienna ilitoa noti za karatasi za gulden milioni 12. Tofauti ni kwamba noti ile ilisema waziwazi kuwa ni karatasi na ni deni. Haikujificha ndani ya sura ya mfalme mwingine. Baadaye sana, wakati wa mjukuu wake Francis, serikali ilichapisha karatasi hizo bila kiasi kwa sababu ya vita, na mwaka 1811 Austria ikatangaza kwamba haiwezi kulipa. Kwa hiyo dhambi hii haina kabila wala ukoo. Lakini ile riale ya fedha hakuigusa yeye, wala mjukuu.

Mwaka 1765 Francis Stephen alifariki akiwa Innsbruck. Mama huyo alivaa nguo nyeusi za ujane tangu siku hiyo mpaka kufa, miaka 15 mizima. Sarafu zake pia zikabadilika: sura ikaonyeshwa ikiwa na mtandio wa mjane. Mwaka 1767 aliugua ndui akaponea chupuchupu. Ugonjwa huo uliwahi kuwaua watoto wake kadhaa. Mwaka uliofuata alimwita daktari Jan Ingenhousz kutoka Uingereza awachanje watoto wake waliobaki, jambo ambalo wengi wa siku hizo waliliogopa.

Kwetu sisi wanafunzi kuna moja ambalo hatupaswi kulisahau. Mwaka 1774 alitoa sheria kwamba watoto wote, wavulana kwa wasichana, waende shule kuanzia miaka sita hadi 12. Mwaka 1775 huko Bohemia alipunguza kazi za lazima ambazo wakulima walifanyishwa bure katika mashamba ya makabaila, na mwaka 1776 akafuta utesaji wa washtakiwa. Lakini haki isemwe. Mwaka 1744 alikuwa ameamuru Wayahudi wafukuzwe Prague, hakuwapenda Waprotestanti, na mwaka 1772 alikubali kuchukua kipande cha Poland pamoja na Urusi na huyohuyo Frederick. Neno huruma lilikuwa ubavuni mwa sarafu yake, lakini halikuwafikia watu wote.

Alifariki Vienna tarehe 29 Novemba 1780, akiwa na umri wa miaka 63. Akazikwa kando ya mumewe. Kwa mtu wa kawaida, hadithi ingeishia hapo. Kwake yeye ndiyo kwanza ilikuwa inaanza upande wa pili.

Wafanyabiashara wa Uarabuni, Misri na Bahari ya Shamu walikuwa wameizoea riale ile. Waliijua kwa macho na kwa vidole. Walipoletewa sarafu nyingine hawakuitaka. Basi Austria ikaendelea kuichapa ileile, yenye mwaka uleule wa 1780 na mtandio uleule wa ujane, ingawa mwenye sura alikuwa ameshaoza. Ikavuka bahari ikafika Zanzibar, ambako ilitumika katika biashara ya karafuu, pembe za ndovu na, inasikitisha kusema, watumwa. Sultani Barghash alipochapisha riale yake mwenyewe mwaka 1882, alikuwa anashindana na mwanamke aliyekufa miaka 102 iliyopita. Huko Uhabeshi watu walizihesabu lulu tisa za pambo la begani mwake. Zikipungua au zikififia, sarafu inarudishwa. Naam, mchunga ngamia asiyejua kusoma alikuwa mkaguzi wa pesa kuliko karani wa benki!

Menelik II alinunua bunduki miaka mingi kabla ya kuwashinda Waitalia pale Adwa tarehe 1 Machi 1896. Alichapisha pia sarafu zake zenye sura yake kuanzia 1894, lakini raia wake wengi waliendelea kumwamini mama wa Vienna. Waitalia waliliona hilo. Mwaka 1918 walichapa sarafu kwa ajili ya Eritrea yenye mwanamke aliyefananishwa sana na Maria Theresa. Walidhani Waafrika hawatatambua. Walitambua! Sarafu ikakataliwa sokoni.

Halafu akaja Mussolini. Alitaka kuichukua Ethiopia, na alijua kwamba jeshi lake likiingia kule litahitaji nyama, nafaka, nyumbu, wapagazi na wakuu wa kununuliwa, na lira za karatasi hazitapokewa. Mwaka 1935 aliipata ruhusa ya Austria pamoja na kalibu halisi. Kiwanda cha Roma kikaanza kazi, na mpaka 1939 kilikuwa kimetoa riale milioni 19 hivi, zote zikiwa na mwaka 1780. Tarehe 3 Oktoba 1935 jeshi la Italia lilivuka mpaka. Zikafuata ndege, mabomu na gesi ya sumu. Riale ilinunua kile ambacho bunduki peke yake haingeweza kupata.

Waingereza nao hawakukaa kimya. Wafanyabiashara wao walihitaji riale na sasa Roma ndiyo iliyoshika kalibu. Basi kuanzia 1936 kiwanda cha serikali London kikatengeneza kalibu zake na kuichapa sarafu ya nchi nyingine bila ruhusa ya mwenyewe, kwa hoja kwamba malkia amekufa na sarafu haina mwenyewe. Paris na Brussels pia zikachapa. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, kiwanda cha Bombay kikatoa zaidi ya milioni 18 mwaka 1940 na 1941. Januari 1941 Kaisari Haile Selassie alirudi nchini mwake kupitia Sudan, akisindikizwa na kikosi kidogo cha Wingate, na ngamia wao walibeba bunduki pamoja na masanduku ya riale za kuwalipa wapiganaji na kununua chakula. Upande wa kusini askari wa King's African Rifles, wakiwemo vijana wengi wa Kenya, walitoka huku kwetu wakapitia Somalia. Addis Ababa ilitekwa tarehe 6 Aprili 1941, na Kaisari akaingia tarehe 5 Mei. Kwa hiyo katika vita kimoja, pande zote mbili zililipa kwa uso wa bibi mmoja.

Wakati huohuo huko Ulaya, Ujerumani ya Hitler iliwalazimisha wafungwa wa kambi ya Sachsenhausen, wengi wao Wayahudi, kutengeneza noti bandia za pauni za Kiingereza. Noti hizo zilikuwa nzuri kiasi kwamba jasusi mmoja wa Wajerumani nchini Uturuki alilipwa nazo asijue. Hata jasusi aliibiwa na waliomwajiri! Basi usiseme kwamba mambo ya Frederick yalikwisha na karne ya 18.

Sasa nifikie uamuzi wangu, maana mwandishi asiyesema anachofikiri anawapotezea wenzake wakati. Je, Roma na London walighushi kama Frederick? Wapo watakaosema hapana, kwani fedha yao ilikuwa kamili: marki moja, riale kumi, kama ilivyoamuliwa 1753. Mkulima wa Gojjam aliyeuza ng'ombe kwa riale ya Bombay hakupunjwa hata gramu moja. Hapo nakubali. Frederick aliiba fedha iliyomo ndani ya sarafu, na huo ni wizi wa mchana.

Lakini nadhani Mussolini naye aliiba kitu, nacho ni imani. Watu wa Uhabeshi waliipokea sarafu ile kwa sababu kwa miaka zaidi ya 150 haikuwahi kuwadanganya. Imani hiyo ilijengwa na wachimbaji, wapiga chapa na wafanyabiashara waliokataa kuongeza shaba. Yeye aliichukua akainunulia minyororo ya watu walewale walioiamini. Waingereza waliitumia kumrudisha Kaisari kwake, na hilo lilikuwa jambo jema zaidi, ingawa nao walikuwa na masilahi yao. Kumbe sarafu haiulizi inanunua nini. Swali hilo tumeachiwa sisi.

Kilichonivutia zaidi kwa Maria Theresa ni kwamba alishindwa na Frederick vitani lakini akamshinda sokoni. Zile sarafu za Leipzig zilikataliwa kabla hata mfalme wake hajafa. Riale ya mama huyu ilitumika kwa karne mbili, na kiwanda cha Vienna kinaichapa hadi leo kwa wapenzi wa sarafu, uzani uleule. Marki moja ilipotoa thaler 40 Frederick alipata silaha kwa miaka michache. Marki moja ilipobaki kutoa kumi, Austria ilipata jina ambalo hata mtu wa jangwani alilitambua kwa kidole.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yetu kesho tutakuwa makarani wa benki, wabunge, askari wa forodha pale Isebania, na pengine mmoja wetu atakaa Hazina Kuu. Siku hiyo ataambiwa kwamba taifa lina haja, vita vimekaribia au uchaguzi umekaribia, na kwamba kuchapisha kidogo tu hakutaonekana. Ningependa amkumbuke yule mzee wa kwetu akirudi nyumbani jioni na noti tatu zisizonunua hata kiberiti. Kila pesa ya uongo ina mzee wake mahali fulani, na mara nyingi mzee huyo hajui hata vita vinapiganwa wapi.